Si Kila Anayemulika Jicho Ni Daktari

Hapa Mombasa, mtu akishika kijitaa akakwambia utazame juu, utazame chini, basi umeshamwita daktari. Muuza miwani wa Digo Road ni daktari wa macho. Anayekuja shuleni kupima watoto ni daktari wa macho. Anayepasua ni daktari wa macho. Heshima haina ubaya, na wengi wao wanaistahili. Lakini watu hao wamesomea mambo tofauti, wana vifaa tofauti na ruhusa tofauti, na mgonjwa anaweza kutoka pale akiamini macho yake yamechunguzwa, kumbe kilichopimwa ni miwani tu. Nayasema haya kwa uchungu. Babangu amepoteza sehemu ya uwezo wake wa kuona, na hakuwa mtu wa kupuuza. Alikuwa akienda kupimwa, akilipa, akirudi nyumbani na miwani mipya.

Alikuwa karani bandarini Kilindini maisha yake yote ya kazi, na alipostaafu alibaki na starehe mbili, gazeti na msahafu. Alipoanza kusema kwamba miwani haimkai sawa, alikwenda duka alilolizoea. Akaambiwa lenzi zimechakaa, akabadilishiwa. Muda ukapita, akarudi, akabadilishiwa tena. Ubaoni alikuwa anasoma mpaka mstari wa herufi ndogo, kwa hivyo pale dukani mambo yalionekana shwari. Nyumbani tulikuwa tunaona mengine. Bega lake la kushoto lilikuwa likigonga fremu ya mlango. Kikombe kikiwekwa pembeni yake hakioni mpaka ageuze kichwa. Akivuka barabara pale Buxton, pikipiki zilikuwa zikimzukia ghafla, naye akiwalaumu vijana kwa mwendo wao.

Mashine waliyokuwa wakimpimia wengi mnaijua. Unaweka kidevu, unatazama kipicha cha puto mwisho wa barabara, puto linafifia kisha linakolea, na kikaratasi chenye namba kinatoka. Namba hizo ni za kuanzia. Mpimaji mzuri huzithibitisha kwa kukubadilishia lenzi moja moja na kukuuliza ipi afadhali. Na hata zikithibitishwa, zinasema tu jicho linahitaji lenzi ya nguvu gani. Hazisemi lolote kuhusu neva iliyo nyuma ya jicho, presha iliyo ndani yake, wala mishipa ya damu ya retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha.

Aliyekuwa akimhudumia babangu alikuwa fundi wa miwani, na ufundi huo ni kazi ya kweli: kusoma cheti, kukata lenzi ikae kwenye fremu, kupima umbali baina ya mboni mbili ili kitovu cha kila lenzi kiangukie mahali pake, kukunja mikono ya fremu isichubue nyuma ya masikio. Umbali huo ukikosewa kwa milimita chache kwenye lenzi nzito, kichwa kitauma na hutajua kwa nini. Fundi mzuri wa miwani namheshimu sana. Ninalolilaumu duka lile ni moja: mzee amerudi na malalamiko yaleyale, na hakuna aliyemwambia, "Mzee wangu, sisi mwisho wetu ni hapa, nenda kwa mtu wa kuangalia ndani ya jicho."

Mimi na dadangu ndio tuliompeleka kwa mtaalamu wa optometria, kwenye kliniki ndogo upande wa Nyali. Huyu amesomea jicho lenyewe. Hapa Kenya wengi wamepitia diploma ya miaka 3 katika chuo cha matibabu, KMTC, na wengine wana shahada kutoka Chuo Kikuu cha Masinde Muliro kule Kakamega. Hapasui, na hakusomea udaktari wa mwili mzima. Lakini kupima uwezo wa kuona, kuandika cheti cha miwani au cha lenzi za kubandika jichoni, na kutambua dalili za ugonjwa hata pale mgonjwa hasikii maumivu yoyote, hiyo ndiyo kazi yake.

Aliyetupokea alikuwa binti mdogo, na baba alimtazama akaninong'oneza, "Huyu si mtoto huyu?" Yule binti hakuharakisha. Kabla ya kugusa chombo chochote alimuuliza: una presha, una sukari, unatumia dawa gani, kuna mtu kwenye ukoo wenu aliyepofuka uzeeni? Baba akamkumbuka nduguye mkubwa kule Takaungu, aliyemaliza siku zake akishikwa mkono, na sote tukisema ni uzee. Kisha yule binti akavuta kiti akaketi mkabala na baba, goti kwa goti, akamfunika jicho la kulia, akanyoosha mikono yake huku na huku na kutikisa vidole. "Ukiviona, niambie." Vidole vya upande wa kushoto vilitikisika, vikatikisika, baba kimya, macho yake yametulia usoni mwa yule binti kama alivyoagizwa. Dadangu alinishika mkono.

Alimpima presha ya jicho, akammulika kwa darubini yenye taa, akakaa muda mrefu akitazama nyuma ya jicho. Halafu akasema maneno ambayo nimeyahifadhi: "Mzee, miwani yako haina kosa. Tatizo liko kwenye neva, na kulitibu si kazi yangu. Nakuandikia barua, na barua hii usiiweke kabatini." Hakutuuzia fremu. Nilitoka pale nikijua kwamba mtaalamu wa kuaminiwa ni yule anayejua mahali kazi yake inapoishia na kukwambia wazi.

Kwenye kliniki ya macho ya hospitali ya rufaa, wa kwanza kumwona hakuwa daktari bingwa. Alikuwa afisa wa kliniki wa macho, mtu aliyesomea utabibu wa jumla kwanza na kuufanyia kazi, kisha akarudi KMTC kusomea macho. Ukitoka nje ya miji mikubwa, mara nyingi huyu ndiye mtaalamu wa macho pekee utakayempata, kwa sababu mabingwa ni wachache na wengi wako mijini. Anachunguza, anatibu, anaandika dawa, na kinachomzidi anakipandisha kwa bingwa. Cha babangu kilimzidi.

Bingwa amesoma udaktari wa mwili mzima kwa miaka 6, akafanya mwaka wa mafunzo hospitalini, ndipo akasomea ubingwa wa macho kwa miaka mingine kadhaa. Na ubingwa nao una matawi: yuko aliyebobea kwenye retina, yuko wa glakoma, yuko wa konea, yaani kile kioo cha mbele ya jicho, yuko wa macho ya watoto. Bingwa wetu alimtuma baba kwanza akapimwe upana wa kuona. Unaingiza uso ndani ya kitu kama bakuli jeupe, unakodolea nukta ya katikati, na vimwanga vinawaka huku na kule. Ukikiona kimwanga unabonyeza kitufe. Nilisimama nje ya pazia nikisikiliza kitufe. Kilikuwa kikilia, kisha kinanyamaza kwa muda, kisha kinalia tena. Karatasi iliyotoka ilikuwa na weusi pembeni kote, na katikati pamebaki peupe. Peupe pale ndipo alipokuwa anasomea herufi za ubaoni.

Ugonjwa ni glakoma, ambayo wengi wetu tunaiita presha ya macho. Haihusiani moja kwa moja na presha ya damu inayopimwa mkononi. Ya mkono inaweza kuwa sawa kabisa na ya jicho ikawa juu. Kwa watu wengi presha ya jicho huwa kati ya 10 na 21, ingawa wako wenye glakoma na presha yao haijavuka hapo, na ndiyo maana namba peke yake haitoshi, lazima neva itazamwe. Bingwa hakutupa matumaini ya uongo. Kilichopotea hakirudi, si kwa miwani, si kwa dawa, si kwa upasuaji. Matone ni ya kila siku, maisha yote, ya kulinda kilichobaki, na yasipotosha kuna mionzi ya leza na kuna upasuaji.

Kuna mtu mmoja ambaye hatajwi sana, na mimi nataka kumtaja: muuguzi wa macho. Bingwa alitupa dakika zake akatuandikia dawa, na foleni ilikuwa imefika mlangoni. Muuguzi ndiye aliyemketisha baba na kumfunza kutia matone. Rudisha kichwa nyuma. Vuta kope la chini lifanye kijifuko. Tone moja tu, la pili linamwagika bure shavuni. Funga jicho taratibu bila kulikaza, na bonyeza kwa kidole pale kona ya ndani karibu na pua, dakika moja au mbili, dawa isiteremke puani na kooni. Chupa ya pili ngojea dakika 5, la sivyo itaiosha ya kwanza. Kisha akamwambia baba afanye yeye mwenyewe mbele yake. Mkono ulitetemeka, tone likaangukia nyusi. Akamwambia arudie. Akarudia mpaka likaingia. Nimekutana na wagonjwa wanaosema dawa ya glakoma haikuwafaa, na nikiwaangalia wanavyotia, dawa yote inaishia kwenye leso. Saa nzima ya bingwa haitamfaa mgonjwa kama hakupata dakika kumi za muuguzi kama yule.

Baada ya hapo nikawa mtu wa kuitwa kila jamaa akipata shida ya macho. Shangazi yangu wa Likoni alikuwa na mtoto wa jicho, mboni imekuwa nyeupe, na walipomwambia kwamba atakayempasua ni afisa wa kliniki, nyumba ikachafuka. Ami mmoja akasema hatakubali dadake akatwe jicho na mtu ambaye si daktari. Nilikwenda na feri nikakaa nao. Kenya imefunza maafisa wa kliniki wa macho kwa ajili ya upasuaji huu hasa, wa kutoa lenzi iliyoingia ukungu na kuweka lenzi ya bandia mahali pake, na wako waliofanya kazi hiyo miaka na miaka. Nilimwambia ami swali la kuuliza si kama ana cheo cha daktari, ni kama amefunzwa upasuaji huu, amesajiliwa na baraza lake, na yuko bingwa wa kumkimbilia likitokea la kutokea. Majibu yalikuwa ya kuridhisha, na shangazi akafanyiwa. Jicho lilipopona baada ya wiki kadhaa, alirudi kwa mtaalamu wa optometria apimwe miwani ya kusomea. Miwani ya zamani haikumfaa tena maana lenzi ya ndani imebadilishwa.

Mamangu ana sukari, na yeye kisa chake ni kifupi. Alikwenda kupima miwani, binti yuleyule wa Nyali akamuuliza sukari yake ya asubuhi, akaisikia, akakataa kumpimia siku ile. Sukari ikipanda, lenzi ya asili ndani ya jicho hubadilika, na namba za miwani zinayumba pamoja nayo. Ukitengeneza leo, sukari ikishuka miwani haikufai. Alimrudisha kwanza kwenye kliniki ya sukari. Na akamsisitizia kwamba mwenye sukari anahitaji kutiwa matone ya kupanua mboni na kutazamwa retina kila mwaka, hata akiwa anaona vizuri, kwa sababu mishipa ya retina huanza kuharibika kimyakimya. Mkienda kwa kipimo hicho, nendeni wawili na mchukue miwani ya jua. Mboni iliyopanuliwa ikikutana na jua la Mombasa saa saba mchana, mtu hawezi hata kulitambua tuktuk lake, na hali hiyo huchukua saa kadhaa.

Jambo linalonikosesha usingizi zaidi ni la watoto na chemisti. Mtoto wa kakangu, anayesoma darasa la pili, alikuwa akifikicha macho mchana na usiku, yamekuwa mekundu, ile nyeupe ya jicho imeingia rangi ya udongo. Ni mzio, na watoto wengi wanao. Jirani akampa mamake jina la dawa ya matone, chemisti wakauza bila karatasi, na mtoto akapoa siku hiyohiyo. Wifi yangu alifurahi, na kila kikirudi kikohozi cha macho, kama wanavyokiita pale kwao, chupa inatolewa. Nilipoisoma chupa nilikuta ina steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe na wekundu. Dawa hiyo ni nzuri mikononi mwa anayeipima athari yake. Ikitumiwa ovyo kwa miezi, inaweza kupandisha presha ya jicho mpaka ikaleta glakoma, na inaweza kuleta mtoto wa jicho kwa mtoto mdogo. Tulimpeleka kwa afisa wa kliniki wa macho, presha ikapimwa, akaachishwa kwa utaratibu na kupewa dawa nyingine ya mzio ya kutumia muda mrefu bila hatari hiyo. Mfamasia anajua dawa, sina shaka, lakini hana darubini ya kutazama jicho wala chombo cha kupima presha yake. Nawaomba wazazi wenzangu: matone ya macho yenye steroidi yasiingie nyumbani bila mtu aliyelitazama jicho na kukupa tarehe ya kurudi.

Mwezi wa Januari 2024, macho mekundu yalipotapakaa Mombasa na Pwani nzima, niliona kinyume chake. Watu walijaa hospitalini kwa ugonjwa ambao mara nyingi hupoa wenyewe kwa usafi wa mikono na kutoshirikiana taulo, na wengine wakitia maji ya chumvi na maziwa ya mama jichoni. Muuguzi au afisa wa kliniki anatosha kabisa kwa jicho jekundu la kuwasha na kutoa tongo. Lakini jicho jekundu lenye maumivu makali, linaloogopa mwanga, au ambalo uwezo wake wa kuona umeshuka, hilo si la kungoja, na si la duka la miwani. Vivyo hivyo ukiona vimweko vya mwanga vimeanza ghafla, au pazia jeusi limeshuka upande mmoja: nenda hospitali yenye bingwa siku hiyohiyo. Na ukirukiwa na chokaa au maji ya betri, osha kwanza kwa maji safi mengi kwa nusu saa, hapo hapo ulipo, ndipo utafute gari. Mtoto ambaye mboni yake inaonekana nyeupe kwenye picha naye ni wa bingwa, haraka, kwa sababu mojawapo ya sababu zake ni saratani ya jicho.

Watu wananiuliza watajuaje nani ni nani, na mimi nawaambia waulize. Umesomea nini? Umesajiliwa na baraza gani? Ukiona kitu, utanipeleka wapi? Madaktari wana orodha yao kwenye tovuti ya baraza lao, KMPDC, na maafisa wa kliniki na wauguzi wana mabaraza yao. Sijaona mtaalamu wa kweli aliyekasirika kwa kuulizwa. Miwani ya kusomea ya kununua Mwembe Tayari haina dhambi kwa mtu aliyefika miaka arubaini na kitu ambaye macho yake yameshachunguzwa. Shida ni kuinunua badala ya kuchunguzwa.

Bingwa wa baba alipomaliza kumwandikia dawa, alitugeukia sisi watoto. Glakoma hutembea kwenye damu, akasema, na ndugu na watoto wa mgonjwa wako kwenye hatari kubwa kuliko wengine. Tulijiandikisha sote. Mimi na wakubwa zangu tuko sawa kwa sasa na tutarudi kila mwaka. Dadangu mdogo neva yake inatiliwa shaka, presha yake iko juu kidogo, upana wa kuona bado ni mzima. Anapimwa na yule binti wa Nyali, na kila kipimo kinapelekwa kwa bingwa, ambaye anakilinganisha na kilichotangulia na kuamua kama wakati wa kuanza matone umefika. Hajaanza bado. Baba anatia yake asubuhi na usiku, mwenyewe, na ukimwelekezea kidole pale karibu na pua anakwambia anajua.